Kikapu cha Majina ya Novemba

Kama hujawahi kuhudhuria kikao cha Halmashauri ya Walei ya jumuiya yetu ya Waswahili, nje kidogo ya Upper Marlboro huku Amerika, mshukuru Mungu, maana una saa nyingi za maisha ambazo wenzako hatutazipata tena. Kikao hufunguliwa kwa sala, husomwa muhtasari wa kikao kilichopita, huja yatokanayo na muhtasari, na hapo ndipo watu huanza kuvua makoti. Mwezi mzima unaweza kubishaniwa ufunguo wa jiko. Mwezi unaofuata ni viti: nani alivikunja, nani aliviacha, na kwa nini Wakenya hawavikunji. Mungu anatuvumilia sana.

Katibu wa halmashauri hiyo kwa miaka sita alikuwa Goretti, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mfupi wa kimo na mfupi wa maneno. Siku nne kwa wiki alitunza wazee kwenye nyumba moja kule Rockville, na siku zilizobaki alitutunza sisi, kazi ambazo yeye mwenyewe alisema hazitofautiani sana. Alikuwa Mkongomani, lakini alikulia kambini Tanzania, basi Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Mumewe aliendesha malori ya masafa marefu. Binti yao, Jaël, alikuwa na miaka kumi na mitano na alijibu kila kitu kwa Kiingereza.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Wambura, aliyewahi kuwa mtendaji wa kata kule Tarime na ambaye moyoni hajastaafu mpaka leo. Kwake yeye, jambo ambalo halijaandikwa kwenye muhtasari halijatokea. Ukitaka kusema hujambo kikaoni, upitie kwa mwenyekiti.

Kanisa lenyewe si letu. Wenyeji wametupa misa ya saa nane mchana kila Jumapili, na wametupa sharti moja: makaburi yaliyo nyuma ya kanisa ni ya zamani sana, na majani yakianguka sisi ndio wa kuyafagia. Mawe mengine yamezama nusu, mengine yamefutika maandishi. Kila Oktoba tunafagia kwa kasi ya ajabu huku tunaongea kwa sauti, na hakuna anayekubali kuwa wa mwisho kutoka. Usiniulize kwa nini, hata mimi hukimbia.

Sasa, jambo la kikapu. Kila mwaka, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tunaweka kikapu karibu na mlango wa kanisa. Mwenye marehemu wake anaandika jina kwenye karatasi na kulitumbukiza. Katibu anayachapa majina yote kwa mpangilio wa herufi, na Jumapili ya pili ya Novemba anayasoma mbele ya kanisa, moja baada ya jingine. Jina likisomwa, aliyelileta anatoka na mshumaa, anauwasha kwenye mshumaa mkubwa wa Pasaka, anasema marehemu alikuwa nani wake, kisha anarudi kukaa. Mama yangu. Mume wangu. Rafiki yangu wa kazini. Jina lisilotokewa na mtu, katibu ndiye huliwashia mshumaa. Na kuna kanuni aliyoiweka Mzee Wambura mwenyewe, baada ya ugomvi wa wajane wawili wa mume mmoja: jina likishaingia kikapuni, hakuna mwenye mamlaka ya kulitoa, hata katibu.

Mwaka huo Goretti alianza kuchapa Jumamosi asubuhi, peke yake, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Jua lilikuwa linaingia vizuri kwenye madirisha. Alikuwa na chupa yake ya chai na kompyuta, na alikuwa anatabasamu, maana watu wetu ni vituko hata kwenye msiba. Mmoja ameandika "Babu", basi. Mwingine ameleta ukoo wa watu kumi na wanne na ameandika kwa herufi kubwa kwamba wasomwe pamoja, wasitenganishwe.

Karatasi ya thelathini na kitu ilikuwa kipande kilichochanwa kwenye tangazo la misa, kimeandikwa kwa penseli. Ilisema: Vumilia, mtoto ya Lubunga, Baraka. Alikufa mu maji, 1996. Miaka tisa.

Goretti aliisoma, akaiweka juu ya meza, akanywa chai. Aliisoma tena. Friji la ukumbi lilikuwa linanguruma kama kawaida yake, kisha likanyamaza, na ule ukimya ukamfanya ageuke kutazama mlango. Hapakuwa na mtu.

Vumilia mtoto wa Lubunga wa Baraka alikuwa yeye.

Niseme yote hapa ili tusisumbuane. Alizaliwa Baraka, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Vita vilipofika, mji mzima ulikimbilia majini kutafuta mashua za kuvuka kwenda Kigoma. Yeye alikuwa na miaka tisa, na aliyekuwa naye ni kaka yake Nathanaël, wa miaka kumi na mitano. Katika msukumano walipotezana, maji yakiwa yamewafika kifuani. Mama mmoja aitwaye Adela alimshika nguo na kumvutia ndani ya mashua. Ng'ambo ya pili waliambiwa kwamba mashua iliyofuata nyuma yao, ile aliyoonekana kupanda Nathanaël, ilipigwa risasi na kuzama na watu wote.

Mama Adela alikuwa na binti wa umri uleule, jina lake Goretti. Huyo Goretti aliugua kipindupindu kambini na akafa siku mbili kabla ya kuandikishwa. Siku ya kuandikishwa, Mama Adela alimshika Vumilia mkono, akamwambia, "Kuanzia leo wakiita Goretti, wewe itika." Akaitika. Alivaa gauni la yule marehemu, alilala kwenye mkeka wake, alikula posho yake. Kwa jina hilo alisoma, alipata hati, alipanda ndege, aliapishwa uraia, aliolewa. Mama Adela alimpenda kama mwanawe. Ila siku nyingine alikuwa akiita "Goretti", na Vumilia akija, yule mama alikuwa anamtazama kidogo, halafu anaendelea kutazama mlango, kana kwamba anayemwita hajafika bado.

Mama Adela alifia Riverdale miaka tisa kabla ya hiyo Novemba, na siri akaizika naye. Katika Amerika yote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua jina la Vumilia, si mume, si Jaël, si padre kwenye kitubio. Alikuwa anaogopa kwamba akisema, watamnyang'anya uraia na kuanza kumuuliza yeye ni nani hasa. Na lilikuwepo jambo jingine lililomla zaidi ya hilo. Yule binti aliyekufa hakuwahi kuombewa. Ungemwombea vipi marehemu Goretti, wakati Goretti yupo, amekaa kiti cha mbele, anaandika mahudhurio? Miaka ishirini na minane imepita, na huyo mtoto hana mshumaa.

Kwa hiyo Goretti alipoiona ile karatasi hakuwaza kaka wala ndugu. Aliwaza kwamba mwenye jina, yule binti aliyefia kambini, amechoka kungoja. Kwamba amekuja, amelichukua jina lake, na hili la Vumilia amelirudisha mahali panapolistahili, kwenye orodha ya wafu. Mimi nisingekuwa na mawazo bora kuliko hayo. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaendelea kuchapa bila kuiandika, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akawa amevunja kanuni ya mwenyekiti.

Jioni hiyo yuko jikoni anakaanga ndizi, Jaël akaingia na karatasi mkononi. Alikuwa ametafuta chaja kwenye mkoba wa mama yake.

"Mom," akauliza, "who's Vumilia?"

Alilitamka vibaya, kwa ulimi wa huku, ule mkazo umewekwa pasipo pake. Lakini Goretti hakuwa amelisikia likitamkwa na kinywa cha mtu tangu mwaka ule wa vita, na kidogo tu aitike. Neno lilifika mpaka mdomoni.

"Ni mtu wa kikapu," akasema. "Nipe hiyo."

Jaël alimpa, akamtazama. Ndizi zilikuwa zimeanza kuungua.

Kesho yake, baada ya misa, Mumbi alimfuata akiwa amebeba kikapu kiunoni. Mumbi alikuwa mkuu wa liturujia, Mkenya wa Nyeri, mwanamke wa vicheko na sauti ya kuita ng'ombe.

"Katibu, nimeona draft yako, na kuna mtu umemruka," akasema. "Si juzi nilimwona huyu kwa kikapu? Ona, mwenyewe amemrudisha tena."

Akamkabidhi karatasi. Penseli ileile, maneno yaleyale, herufi zimekandamizwa zaidi. Vumilia, mtoto ya Lubunga, Baraka. Alikufa mu maji.

Goretti hakuuliza ni nani aliyeileta. Msomaji atasema mbona ni swali rahisi, mtu mzima angeuliza. Ni kweli, lakini aliogopa kuambiwa kwamba hakuna aliyemwona. Alisema asante, akaliandika jina kwenye orodha, mahali pake, karibu na mwisho. Wiki ile kule Rockville, bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimwogesha, ambaye hata jina la mwanawe mwenyewe alishalisahau, alimwangalia usoni akamuuliza kwa upole kama yule msichana mwingine naye anasubiri kuogeshwa. Wazee husema mengi ya namna hiyo, na siku nyingine angecheka. Siku hiyo alifunga mlango wa bafu.

Jumamosi iliyofuata, siku moja kabla ya kusoma majina, tulikuwa na zamu ya mwisho ya majani na baada yake kikao. Goretti alikuwa na reki yake kati ya mawe, kichwa chini. Mumbi akamwita kutoka upande wa pili wa makaburi, "Goretti! Goretti, leta mfuko!" Naye akasimama wima bila kugeuka, anasubiri. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na hakika kabisa mtu mwingine ataitika kabla yake. Akasubiri mpaka Mumbi akaita mara ya tatu kwa hasira.

Kikaoni tulipofika kwenye mengineyo, aliomba nafasi. Watu walishangaa, kwa sababu Goretti haombi nafasi.

"Mwenyekiti, napendekeza mwaka huu majina yasisomwe," akasema. "Mwaka jana ilichukua dakika hamsini, na vijana wana misa yao saa kumi na moja. Tuweke kikapu mbele ya altare, padre akibariki, watoto wa komunyo wawashe mishumaa yote kwa pamoja. Wafu Mungu anawajua."

Lilikuwa pendekezo zuri, na waliochoka walikuwa wengi. Hakuna aliyepinga. Mzee Wambura aligonga meza kwa kalamu, akasema imepita, na Goretti akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Imeazimiwa kwamba majina ya marehemu hayatasomwa. Alihisi kama mtu aliyetua mzigo. Kikao kikafungwa kwa sala, wajumbe wakaenda zao, wakabaki wachache jikoni: Mzee Wambura anakagua madirisha, Padre Wainaina anamalizia chapati, na Mumbi na Goretti wanaosha vikombe.

"Nimemhurumia mmoja tu," Mumbi akasema huku anapangusa. "Yule jamaa wa karatasi za penseli. Atasikia vibaya sana."

Goretti akaacha bomba linatiririka. "Jamaa gani?"

"Ule Mcongo. Mgeni, amekuja kama mara tatu hivi. Hukaa pale kwa mlango na jacket nyeusi, na chai hangoji, misa ikiisha ameshatoka. Kila Sunday anaandika hiyo karatasi upya, anadhani ya wiki iliyopita ishatupwa. Aliniuliza kama kweli tunasoma kwa sauti. Nikamshow ndio, kila jina. Akasema huko kwingine kote alikoishi hakuna mtu alishawahi kumsomea."

"Uliongea naye? Ulimshika mkono?"

"Nilimsalimia. Mkono baridi kama wa maiti, lakini si ni November?" Mumbi akacheka. "Nikamuuliza, huyu mtoto ulikuwa nani wake? Hakusema ndugu, hakusema nini. Alisema tu, 'Miye ndiye nilikuwa namushika mukono. Nikamwachia.'"

Goretti alikaa kwenye kreti ya soda iliyokuwa karibu na sinki. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa amemshika mkono siku ile majini, na huyo mashua yake ilizama. Basi ama Nathanaël alikuwa hai, ama kitu fulani kilichokaa karibu na mlango na kisichosubiri chai kilikuwa kinajua jambo ambalo ni Nathanaël pekee aliyelijua. Aliniambia kwamba pale kwenye kreti yale mawili yalikuwa na uzito sawa, na hakujua ni lipi linamtisha zaidi.

Lakini lilikuwepo neno moja lililomchoma kupita hofu yote. Nikamwachia. Kaka yake hakumwachia. Yeye ndiye aliyechomoa mkono. Kandambili yake ilikuwa imemtoka mguuni, anaiona inaelea, akajipapatua kwa nguvu ili aidake, kama mtoto yeyote wa miaka tisa anayeogopa kupigwa kwa kupoteza viatu. Alipogeuka, kaka hayupo. Na sasa mtu huyo, kama ni mtu, amezunguka na hilo kosa lisilo lake kwa miaka ishirini na minane, analiandika kwa penseli kila Jumapili. Kesho angekuja, asisikie jina, na asirudi tena. Hakuna aliyejua anakaa wapi. Na aliyeliziba jina hilo kwa azimio rasmi alikuwa Goretti mwenyewe.

Akainuka, mikono ina povu, akamwendea mwenyekiti.

"Mzee, naomba azimio lile tulifute. Majina yasomwe."

Mzee Wambura alimtazama kama mtu aliyeambiwa jua lirudishwe mashariki. "Kikao kimefungwa kwa sala, mama. Azimio lina nusu saa tangu lizaliwe, na wewe ndiye mzazi wake."

"Tufungue kikao cha dharura. Akidi ya dharura ni wajumbe wanne. Tuko wanne."

Padre Wainaina akajihesabu, akaacha kutafuna. Mzee Wambura alivuta kiti, maana kanuni ilikuwa yake na alikuwa haikwepi. "Sawa. Lakini dharura lazima iwe na sababu, na sababu lazima iandikwe. Isipoandikwa, mimi sina cha kusaini. Sababu ni ipi?"

Ndipo Goretti akaona amefika mwisho. Angeweza kutunga uongo. Alikuwa ameishi ndani ya uongo mmoja mkubwa muda wote huo, mdogo wa pili usingemshinda. Akafuta mikono kwenye aproni, akafungua daftari la halmashauri, akaandika, na alipomaliza akasoma kwa sauti, kama tunavyosomaga muhtasari.

"Katibu aliwaeleza wajumbe kwamba jina la Vumilia binti Lubunga, lililomo kikapuni, ni jina lake yeye katibu. Kwamba hakufa majini. Kwamba jina la Goretti ni la mtoto wa Mama Adela, aliyefariki kambini, na yeye alipewa alitumie. Kwamba anaomba majina yasomwe ili aliyeleta jina hilo asimame aonekane."

Mumbi alikuwa ameshika kikombe kimoja muda wote, hakukiweka. Padre alifanya ishara ya msalaba, halafu kama aliyeona haya akajidai anapangusa koti.

Mzee Wambura alilivuta daftari kwake, akalisoma tena kwa macho, polepole, mstari kwa mstari. Akachukua kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake wa ofisini: Wajumbe walipokea taarifa. Azimio limefutwa. Akasaini, akaweka tarehe. Kisha akalifunga daftari, akalitia kwapani.

"Hili halitapigwa nakala," akasema. "Linakaa kabatini, na ufunguo wa kabati ninao mimi peke yangu." Akakohoa. "Nikuite nani sasa, mama?"

"Katibu," akasema Goretti, na wote wanne wakashukuru kwa jibu hilo.

Kabla ya kuondoka alipanda juu kanisani peke yake. Kikapu kilikuwa pale mlangoni. Alichana karatasi, akaandika: Goretti, binti Adela. Akaitumbukiza, na mkono ulipokuwa bado ndani ya kikapu alihisi ubaridi unapita kwenye kifundo chake, upepo mwembamba, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Hakuutoa mkono haraka. Aliuacha pale mpaka ubaridi ukaisha.

Jumapili kanisa lilijaa. Goretti alisimama kwenye mimbari ya masomo na karatasi sita, mshumaa mkubwa ukiwa hatua mbili kutoka kwake. Hakuthubutu kutazama mlangoni. Alianza na herufi A, na watu wakaanza kutoka. Shangazi yangu. Mwanangu wa kwanza. Ukoo wa watu kumi na wanne ulisomwa pamoja kama ilivyoagizwa.

Alipofika kwenye G alisimama kidogo, kisha akasoma, "Goretti, binti Adela."

Minong'ono ikapita kwenye viti. Watu walitazamana, maana si kawaida mtu kujisoma. Jaël, kiti cha tatu, alinyanyua kichwa kutoka kwenye simu. Goretti alitoka mimbarini, akachukua mshumaa, akauwasha. Mwali ulisimama mrefu na mwembamba, haukutikisika hata alipozungumza karibu nao.

"Aliniazima jina," akasema, na akarudi kusoma.

Herufi zilienda. M ni ndefu sana kwetu, N nayo vilevile. Kila jina alilolisoma lilimsogeza karibu na la kwake, na sauti yake ilianza kupungua hata padre akamsogezea kipaza sauti. Kulikuwa na R, S, T. Kulikuwa na watu wawili wa U. Akafika.

"Vumilia," akasema. "Mtoto wa Lubunga, Baraka."

Hakuna aliyesimama. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu. Mumbi alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake anatazama nyuma. Goretti aliwaza: basi hakuna mtu, hakukuwahi kuwa na mtu, na mimi ndiye nitakayejiwashia mshumaa wangu. Mzee Wambura akaanza kuinuka amsaidie.

Hapo nyuma kabisa, karibu na mlango, koti jeusi likainuka. Alitembea katikati ya viti bila haraka, kichwa kimeinama, mshumaa kaushika kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa na mvi. Viatu vyake vilitoa sauti kwenye sakafu, na mpaka leo Goretti anasema sauti ile ya viatu ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, kwa sababu kitu kisicho mtu hakina viatu vya kazi vyenye soli ya mpira inayolia.

Aliwasha mshumaa. Hakumtazama msomaji, wengi hawamtazami. Alifungua mdomo aseme marehemu alikuwa nani wake.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Nilimwachia."

"Haukuniachia, Nathanaël," Goretti akasema, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa kile cha Baraka, ambacho halmashauri haikuwahi kukisikia kwake. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kanisa zima lilisikia. "Ni miye nilichomoa mukono. Kandambili yangu ilikuwa imetoka. Haikuwa kosa yako hata kidogo."

Yule mtu alinyanyua uso. Nta ilikuwa inamdondokea vidoleni na hakuisikia. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika kwenye jiwe, paji la uso, masikio, mdomo, na woga uliokuwa usoni mwake ulikuwa mkubwa kuliko wote alioubeba Goretti kwa wiki nzima, kwa sababu yeye alikuwa anaitwa jina lake na mtoto aliyemwona akizama.

"Ile ya bluu," hatimaye akasema.

"Ya bluu. Ya kushoto."

Ndipo mshumaa ulipomponyoka, na Goretti akashuka mimbarini. Karatasi ya mwisho ilibaki pale na jina moja ambalo halijasomwa, la Zakaria fulani wa Moshi, na mjane wake alikaa na mshumaa wake mapajani anangoja, wala hakuna aliyemwambia katibu afanye haraka.